Ngoma Ilipopasuka: Biashara Ndogo za Nyumbani Baada ya Anguko la Intaneti

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unapungua.)

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chetu cha historia. Wewe unayesoma karatasi hii kwenye kikundi chako cha wasikilizaji, karibu. Soma taratibu, uwasomee na wale ambao hawakupata nafasi ya kwenda shule.

Leo tuna swali moja. Kazi ya watu wengi inapoanguka kwa mpigo, nani hubaki amesimama, na kwa sababu gani?

Swali hilo tunalijua sisi. Mradi unafungwa, na wote waliokuwa wakilipwa kile kiposho cha mwezi wanarudi nyumbani siku moja. Mgao unapunguzwa, na muuza nyanya anaumia pamoja na mnunuzi, kwa sababu mfuko wa mmoja ndio mfuko wa mwingine. Wengi tunadhani mambo haya yanatupata sisi tu kwa kuwa ni wakimbizi. Leo nitawapeleka Marekani na Kanada, kwa watu waliokuwa na umeme, pasipoti na akaunti ya benki, na bado kazi yao ikaanguka juu ya vichwa vyao.

(Muziki mfupi.)

Turudi nyuma kidogo. Vijana wenzangu, wengi wetu wakati huo tulikuwa bado hatujazaliwa, au tulikuwa mgongoni kwa mama. Miaka ya 1990 intaneti ilianza kuingia majumbani kwa watu wa kawaida huko Marekani. Watu wenye pesa wakaona hapo ndipo pa kuchimba dhahabu. Kila aliyekuja na wazo la kuuza kitu kwa intaneti alipewa mtaji. Anauza nini, kwa faida gani, hayo hayakuulizwa sana. Swali lilikuwa: una wageni wangapi kwenye tovuti yako?

Chukua kampuni ya Pets.com. Ilianza mwaka 1998, na kazi yake ilikuwa kuuza chakula cha mbwa na paka kwa intaneti. Ndiyo, ndugu msikilizaji, chakula cha mbwa, mifuko mizito, inasafirishwa hadi mlangoni kwa mteja. Kampuni iliuza kwa bei iliyo chini ya ile iliyonunulia, ili ivute watu. Mwezi Februari 2000 iliuza hisa zake kwa umma ikapata dola milioni 82.5. Mwezi Novemba mwaka huohuo ikafunga. Hata mwaka mmoja haukuisha.

Au Webvan. Hawa walitaka kupeleka mboga, maziwa na mikate nyumbani kwa watu. Wakajenga maghala makubwa ya mashine kabla ya kujua kama wateja watatosha. Julai 2001 walifilisika, na watu wapatao 2,000 wakapoteza kazi.

Wazee wetu walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Huko Marekani kuna kipimo cha bei za hisa kinachoitwa Nasdaq, chenye kampuni nyingi za teknolojia. Tarehe 10 Machi 2000 kilifika juu kabisa, pointi 5,048. Oktoba 2002 kilikuwa kimeshuka hadi pointi 1,114. Maana yake ni hii: aliyekuwa na thamani ya dola 100 alibaki na kama dola 22.

Nini kiliwaangusha? Nilipokuwa nasoma kuhusu habari hii, jibu lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Ukiuza chapati kwa bei ya chini kuliko unga na mafuta uliyonunua, kila mteja mpya anakuongezea hasara. Ukiwa na wateja kumi unapoteza kidogo. Ukiwa na elfu, umekwisha. Mama yeyote wa soko la hapa kambini angewaambia hilo bila kuhitaji digrii. Lakini pesa ya wengine ilipokuwa ikiendelea kuingia, shimo halikuonekana. Ilipokatika, shimo likaonekana siku hiyohiyo.

(Muziki mfupi.)

Sasa sikiliza upande ambao hausimuliwi sana. Intaneti yenyewe haikufa. Nyaya zilizofukiwa ardhini zilibaki, na watu waliojifunza kutumia kompyuta hawakusahau. Tena, vitu vingi vilishuka bei. Zamani jina la tovuti, lile linalomalizikia na dotikomu, lilisajiliwa na kampuni moja tu. Kuanzia mwaka 1999 kampuni nyingine ziliruhusiwa, na bei ikateremka. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuiweka wazi usiku na mchana, nazo zilikuwa zikipatikana kwa bei nafuu zaidi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kipindi ambacho kila mtu alisema biashara ya intaneti imekufa, ndicho kipindi ambacho mtu mmoja aliweza kuianzisha akiwa chumbani kwake.

Mmoja wao aliitwa Markus Frind.

Frind alizaliwa Ujerumani, kwa wazazi wakulima. Kabla hajafika miaka minne, wazazi walihamia Kanada, kaskazini mwa jimbo la British Columbia, karibu na mji mdogo wa Hudson's Hope. Ni mahali pa baridi kali na upweke. Mwanzoni familia iliishi katika nyumba ya kukokotwa na gari, bila umeme, bila simu, bila maji ya bomba. Jirani wa karibu alikuwa zaidi ya kilomita mbili. Lakini tusidanganyane: hawakufukuzwa na vita, na walikuwa wamenunua shamba kubwa lililo lao kwa hati. Hiyo ni tofauti kubwa kati yao na sisi. Nimeitaja ili msikilizaji asidhani naifananisha.

Mwaka 1999 Frind alimaliza stashahada ya kompyuta, masomo ya miaka miwili, katika chuo cha ufundi cha BCIT. Akaajiriwa na kampuni ya intaneti. Kisha ngoma ikapasuka. Kampuni ikaanguka, akahamia nyingine, nayo ikaanguka, akahamia nyingine tena. Kila mahali alikuta wenzake wanafukuzwa kazi. Sehemu kubwa ya mwaka 2002 hakuwa na ajira.

Mwaka 2003, akiwa na hofu ya kukosa kazi tena, aliamua kujifunza namna mpya ya kuandika programu iliyokuwa ngumu na inayotafutwa na waajiri. Ili kujifunza, alijipa zoezi: kutengeneza tovuti nzima peke yake. Kwa heshima ya wazee na viongozi wa dini wanaotusikiliza, nitasema tu kwamba ilikuwa tovuti ya watu kutafuta wachumba. Aliiita Plenty of Fish, maana yake samaki ni wengi. Waingereza wana msemo wa kumfariji aliyeachwa na mpenzi, kwamba baharini samaki bado wapo tele.

Angalia jambo hili, ndugu msikilizaji. Huyu kijana hakuanza kwa kusema, nataka kuwa tajiri. Alisema, nataka kujifunza kazi, na nijifunze kwa kutengeneza kitu ambacho mtu anaweza kukitumia. Tovuti ingekufa, ujuzi ungebaki.

Tovuti nyingine za aina hiyo ziliwatoza watu ada ya kila mwezi. Yake ilikuwa bure. Sasa mtu atauliza, bure atakula nini?

(Muziki mfupi.)

Hapa nieleze polepole, maana hata leo vijana wengi wanaangalia video kwenye simu bila kujua pesa inapita wapi. Mwaka huohuo wa 2003 kampuni ya Google ilifungua mpango unaoitwa AdSense. Mwenye tovuti, hata awe mdogo namna gani, aliweza kuacha nafasi kwenye ukurasa wake, na Google ikaijaza kwa matangazo ya wafanyabiashara. Mgeni alipobofya tangazo, mfanyabiashara aliilipa Google, na Google ikamgawia mwenye tovuti. Kabla ya hapo, mwenye tovuti ndogo alipaswa kwenda mwenyewe kuwatafuta wenye matangazo, awapigie simu, awabembeleze, aandike mikataba. Sasa mlango ulifunguka bila kupiga hodi kwa bosi yeyote.

Mwezi wa kwanza Frind alipata dola 5. Tano, ndugu msikilizaji. Bei ya bando na soda. Mwisho wa mwaka alikuwa anapata zaidi ya dola 3,300 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Aliendelea kufanya kazi katika nyumba yake ya kupanga mjini Vancouver. Hakukodi ofisi. Hakuajiri. Mwenzake wa nyumbani alimsaidia kujibu barua za wateja. Tovuti haikuwa nzuri kwa macho. Picha za watu zilitokea zimevutwa, nyingine pana, nyingine ndefu. Watu waliicheka. Lakini aliandika programu zake kwa ubahili, ili seva chache zifanye kazi ambayo wengine waliifanya kwa seva nyingi na mafundi wengi. Hiyo ndiyo siri yake kubwa. Mapato yalipopanda, matumizi hayakupanda pamoja nayo.

Mwaka 2006 alionyesha hadharani hundi kutoka Google ya zaidi ya dola 900,000 za Kanada, malipo ya miezi miwili. Wengi walisema ni ya kughushi. Haikuwa ya kughushi. Ofisi aliihamia mwaka 2008 tu, miaka mitano baada ya kuanza, akiwa na wafanyakazi wachache. Mwaka 2015 aliiuza kampuni kwa dola za Marekani milioni 575. Kwa kuwa hakuwahi kuchukua mtaji wa wawekezaji, hapakuwa na wa kugawana naye.

(Muziki mfupi.)

Nimefika kwenye dola milioni 575, na najua kuna kijana pale nyuma amesimama, anataka kwenda kutafuta kompyuta sasa hivi. Kaa kwanza, kaka. Historia ikiishia kwa tajiri mmoja inakuwa hadithi ya sungura. Kuna mambo matatu lazima tuyaseme.

La kwanza: waliojaribu ni wengi, na waliofika huko ni wa kuhesabu kwa vidole. Wengi walibaki na zile dola 5, au dola 50, au waliacha. Frind alipata mlango wa AdSense ukiwa mpya kabisa. Aliyeuingia miaka kumi baadaye alikuta msongamano.

La pili: hakuwa peke yake kama inavyosimuliwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tovuti ile ilikuwa na watu wa kujitolea waliokagua picha moja baada ya moja, kuondoa zisizofaa, bila mshahara. Sisi tunaofahamu kazi ya kujitolea kambini, tunaofahamu tofauti kati ya anayelipwa mshahara na anayepewa asante, tuliangalie hilo kwa makini. Ukisikia mtu mmoja amejenga jambo kubwa, uliza nani alifagia.

La tatu: anayetegemea mlango mmoja, siku ukifungwa amefungiwa. Huko Marekani kuna tovuti ya mazungumzo inayoitwa MetaFilter. Aliianzisha Matt Haughey mwaka 1999, na kwa miaka ilijiendesha kwa matangazo ya Google, ikalipa wafanyakazi wachache. Novemba 2012 Google ilibadilisha jinsi inavyopanga majibu ya utafutaji, na idadi ya wageni wa MetaFilter ikaanguka vibaya. Hakuna aliyewapigia simu kuwaeleza kosa lao. Mwaka 2014 ilibidi waachishe baadhi ya wafanyakazi. Kilichowashika mkono ni wasomaji wao wenyewe, watu waliokuwa wakikutana pale miaka mingi, walioanza kuchangia pesa kidogo kidogo kila mwezi. Wapita njia waliotumwa na Google walipotea. Waliofahamiana wakabaki.

Na hapo nimkumbuke mwingine, wa San Francisco. Craig Newmark alikuwa fundi wa kompyuta aliyefanya kazi miaka 17 katika kampuni ya IBM. Mwaka 1995 alianza kuwatumia marafiki orodha ya matukio ya mjini kwa barua pepe. Watu wakaomba aongeze nyumba za kupanga, kazi, vitu vya kuuza. Ikawa tovuti ya Craigslist. Alipoambiwa aweke matangazo ya picha za rangi kama wengine, alikataa. Alichagua kuwatoza waajiri waliotangaza kazi katika miji michache, na karibu yote mengine yakawa bure. Anguko la 2000 liliwakuta wakiwa wachache, matumizi yao madogo, wakapita. Kwa upande mwingine, magazeti ya Marekani yaliyokuwa yakiishi kwa matangazo madogo ya kuuza gari na kupangisha chumba yalipoteza pesa nyingi, na waandishi wakapoteza kazi. Faida ya mmoja ilikuwa pengo la mwingine. Hilo nalo ni historia, tusilifiche.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje nyumbani, ingawa nyumbani kwetu kwa sasa ni chini ya turubai.

Mwaka 2018 shirika la IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti kuhusu kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Walihesabu biashara zaidi ya 2,000, na wakakadiria uchumi wa eneo lile kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Wageni walishangaa. Wakimbizi hawakushangaa, kwa sababu wao ndio walikuwa nyuma ya meza hizo. Nasema hivi ili kijana asidhani biashara ni kitu kinacholetwa na intaneti. Biashara ilikuwepo. Intaneti ni njia moja ya kuifikisha mbali zaidi.

Najua vizuizi, nami ninaishi navyo. Laini ya simu inataka kitambulisho. Akaunti ya kupokea pesa kutoka nje inataka hati ambazo wengi wetu hatuna. Sola inaisha chaji saa mbili usiku. Bando linakatika katikati ya kazi. Na sheria hazifanani: nchi moja inamruhusu mkimbizi kufanya biashara, nyingine inambana, na hata ndani ya nchi moja mambo hubadilika. Kabla hujatoa hata shilingi moja, muulize kiongozi wako wa zoni au ofisi ya msaada wa kisheria hapo ulipo. Na ukiambiwa ulipe kwanza ndipo upewe kazi ya intaneti, kimbia. Frind hakumlipa mtu ili aanze kazi. Kazi ya kweli inakulipa wewe.

Lakini yako mambo ambayo hayahitaji pasipoti. Kujifunza kwa kutengeneza kitu kinachotumika, si kwa kusubiri cheti tu. Kuhesabu matumizi kabla ya kuota mapato. Kuanza na kilicho mkononi, kama Newmark alivyoanza na orodha ya marafiki. Dada anayeshona anaweza kuweka picha za magauni kwenye hali ya WhatsApp, wateja wakajua kabla hawajatembea hadi bloku yake. Kijana anayejua lugha tatu anaweza kuwaandikia wengine barua na fomu zao kwa kompyuta ya kituo cha vijana. Hizo si dola milioni. Ni dola 5 za mwezi wa kwanza. Na usiweke yai lako lote kwenye kikapu cha mwenye mlango mmoja, awe Google, awe shirika, awe tajiri wa soko.

Jambo la mwisho. Kampuni zile kubwa zilianguka kwa sababu ziliishi kwa pesa ya wengine, na pesa ile ilikuwa na siku yake ya kukatika. Sisi pia, kwa miaka mingi, tumewekwa mahali ambapo tunaishi kwa pesa ya wengine. Hatukuchagua. Msaada ni haki ya mtu aliyekimbia, na anayeukata hapaswi kusingizia kwamba mkimbizi ajitegemee wakati amemfungia mlango wa kazi. Nasema hilo waziwazi. Lakini hata tukidai haki hiyo, tusiache kujenga kidogo kilicho chetu, kitakachobaki kimesimama siku ngoma ikipasuka.

(Muziki unaingia taratibu.)

Maswali ya vikundi vya wasikilizaji:

1. Mgao au mradi ulipopunguzwa hapa kwetu, ni biashara zipi zilifunga kwanza, na zipi ziliendelea? Zilizoendelea zilikuwa na nini?

2. Frind na Newmark hawakuwatoza watumiaji wengi chochote. Nani basi aliwalipa? Je, kuna kazi hapa kambini ambayo mmoja anaitumia na mwingine anailipia?

3. Watu wa kujitolea waliokagua picha bila malipo walitendewa haki? Toeni sababu, na msikilize wanaopinga.

4. Ni mlango gani mmoja ambao ukifungwa kesho, familia yako itakwama? Ni mlango gani wa pili unaoweza kuanza kuufungua wiki hii?

Andikeni majibu yenu kwenye karatasi, mpeni msimamizi wa kikundi, nasi tutayasoma hewani. Ukitaka jina lako lisisomwe, andika hivyo juu ya karatasi.

Kwa leo naishia hapa, ndugu msikilizaji. Tukutane wiki ijayo, saa ileile, redio ileile.

(Muziki wa kufunga.)